Palipokatwa wino kwenye wosia

Mtu akifariki, swali la kwanza huwa kaacha nini. Mimi nikisoma wosia wa zamani, kwanza natafuta palipofutwa, na vitu vidogo vilivyotengwa kwa mtu mmoja.

Chukua wosia wa Shakespeare, wa tarehe 25 Machi 1616, kiasi cha mwezi mmoja kabla hajafa. Unajulikana kwa kitanda. Mkewe Anne, baada ya ndoa ya zaidi ya miaka 30, anapata mstari mmoja tu uliochomekwa kati ya mingine, akiachiwa kitanda cha pili kwa ubora. Watu wakaamua kwamba hakupendwa. Mimi sikubali kuhukumu ndoa ya watu kwa mstari mmoja. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilimpa mjane haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe maisha yake yote, hata wosia usipotamka lolote. Kitanda nacho kilikuwa mali ya thamani. Huenda kile bora kiliwekewa wageni, na hiki ndicho walicholala wao wawili.

Uchungu wenyewe uko mahali pengine. Karani aliyeandika wosia alikuwa ameanza kuandika "mkwe wangu", maneno yakakatwa, pakaandikwa jina la binti, Judith. Binti huyo alikuwa ameolewa Februari mwaka uleule. Katikati ya Machi, mwanamke mwingine aliyepewa mimba na mume huyo alifariki akijifungua. Siku moja baada ya tarehe ya wosia, mkwe alisimama mbele ya mahakama ya kanisa. Basi baba akaweka masharti: kuna pauni 150 ambazo mume asizishike mpaka naye amwandikie mkewe ardhi ya thamani hiyohiyo. Wosia hautamki kosa la mkwe hata kwa neno moja. Lakini kwenye ule mkato wa wino namwona baba akihangaika kumkinga mwanawe na nyumba aliyoingia.

Wosia mwingine hunitia simanzi, ule ambao watu wanagawiwa kama mali. George Washington, katika wosia wake wa 1799, aliagiza watumwa wake waachwe huru baada ya kifo cha mkewe. Sababu ya kuchelewesha aliieleza mwenyewe: walikuwa wameoana na watumwa waliokuja kwa upande wa mkewe, ambao yeye hakuwa na mamlaka ya kuwaachilia. Ndani ya maelezo hayo kuna waume, wake na watoto, na wosia wao wenyewe hatutausoma kamwe.

Ninaourudia zaidi ni wa mama wa Misri ya kale, Naunakhte, wa Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, zaidi ya miaka 3,100 iliyopita. Alisimama mbele ya baraza akasema kwamba amelea watoto wanane, akawapa vya kuanzia maisha, na sasa amezeeka nao hawamtazami. Aliyemsaidia atapata. Asiyempa kitu, naye hapati kitu. Akawataja kwa majina, mmoja mmoja. Hata hivyo aliowanyima fungu lake hakuwagusa kwenye fungu la baba yao. Hasira yake ilikuwa na mpaka, na hilo peke yake linanionyesha ni mama wa namna gani.

Kisha kuna bakuli la shaba la kunawia. Alimpa mwana mmoja, nyongeza juu ya ndugu zake. Hakueleza kwa nini. Labda alimletea maji, labda alikaa naye tu jioni; waliokuwepo bila shaka walijua. Baadaye mumewe alirudi barazani pamoja na watoto, akatamka kwamba maandishi ya mama yatafuatwa kama yalivyo, na atakayeyapinga achapwe fimbo 100.