Rada ifungiwe kabatini, simu ibaki juu ya tofali

Jumamosi moja asubuhi, kwenye neti za mazoezi za klabu ya kriketi ambayo sitaitaja, kijana wa miaka 15 aliegemeza simu kwenye tofali, akarudi hatua zake kumi na tano, akaja mbio, akarusha mpira, kisha badala ya kutazama umetua wapi akaikimbilia simu. Alifanya hivyo mara sita. Mzee mmoja aliyekuwa benchini na kikombe chake cha chai akasema kwa sauti ya kusikika: "Sisi tulikuwa tunarusha mpira. Nyie mnarusha picha." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, maana kauli ile ilikuwa na utamu wake. Lakini imekuwa ikinirudia tangu siku hiyo, kwa sababu naona nusu yake ni kweli na nusu iliyobaki inaweza kuwagharimu vijana wetu migongo.

Swali lenyewe ni kama mabowla, yaani warushaji mpira wa kriketi, wanahitaji vifaa vya mazoezi: kamera za mwendo wa polepole, rada za kupimia kasi, mipira yenye chipu ndani, vesti zinazohesabu kila mrusho. Tangu vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 wafuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri wao, lile la 2026, nimesikia wazazi wakiulizana wanunue nini. Wazee wa mchezo wanajibu kwa mkato: usinunue kitu, mwache mtoto arushe.

Na wazee wana ushahidi. Machi 2003, mjini Durban, kwenye Kombe la Dunia, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na miaka 39 na alikuwa ameshastaafu kabla ya kuitwa tena kikosini. Mbele yake ilikuwa Australia iliyokuja kulibeba kombe lile bila kupoteza mechi. Karim alirusha ova 8 na mipira 2 (ova moja ni mipira sita), sita kati ya ova hizo hazikutoa mkimbio, yaani pointi, hata mmoja, akaruhusu mikimbio 7 tu na kuchukua wiketi 3, yaani kuwatoa wapigaji watatu, nahodha wao Ricky Ponting akiwemo. Kenya ilipoteza mechi, lakini aliyetazama siku ile hakumbuki mshindi, anamkumbuka Karim. Miaka 21 baadaye, kule Guyana, Frank Nsubuga wa Uganda alirusha ova zake 4 dhidi ya Papua New Guinea kwa mikimbio 4 na wiketi 2, akiwa na miaka 43. Wote wawili ni mabowla wa spini, wanaorusha polepole huku wakiuzungusha mpira. Ukiwatazama unaona ustadi uliojengwa kwa kurudia mpira uleule, mahali palepale, maelfu kwa maelfu ya mara. Hakuna programu ya simu inayoweza kukufanyia kazi hiyo.

Kuna hoja nyingine ya wazee iliyo nzito zaidi, ingawa wao wenyewe huisema mara chache. Kamera mikononi mwa kocha mwoga huzaa mabowla wa kufanana. Lasith Malinga wa Sri Lanka alirusha mkono ukipita pembeni karibu usawa wa bega, mtindo alioukuza kwenye mpira wa tenisi, ufukweni. Jasprit Bumrah wa India anakuja kwa vihatua vya kusitasita, mkono umenyooka kama boriti. Wangepelekwa wakiwa na miaka 13 mbele ya kocha mwenye skrini na picha ya "bowla sahihi" upande wa pili, sidhani kama wangetoka salama. Hapo nakubaliana na wazee moja kwa moja.

Ila tuangalie hao wawili walijifunzaje. Malinga alifanyia mazoezi yoka, ule mpira unaotua miguuni mwa mpigaji, kwa kulenga viatu vilivyowekwa pale ambapo miguu ya mpigaji ingekuwa. Bumrah amesimulia kwamba utotoni alikuwa akirusha mpira ndani ya nyumba, mama yake akitaka utulivu wa mchana. Akagundua kwamba mpira ukigonga pale sakafu inapokutana na ukuta hautoi kelele. Basi akawa analenga mstari ule siku nzima, na yoka yake ikazaliwa hapo. Sasa kiatu ni nini kama si kifaa? Ule mstari wa ukutani unakujibu papo hapo, bila upendeleo, kama umelenga au umekosa. Mzee wa benchini naye, ukimuuliza, atakuambia enzi zake walikuwa wakitandika leso kwenye mkeka na kuilenga. Vifaa vimekuwepo siku zote, tunachobishania ni vya umri gani na vinamwambia nini bowla.

Na kipo kitu ambacho leso haiwezi kukwambia, wala kocha mwenye macho makali kuliko wote hawezi. Hapa ndipo naona upande wa vifaa hausikilizwi vizuri.

Siku ya pili ya Krismasi mwaka 1995, Melbourne, mwamuzi Darrell Hair alimpigia nobo, yaani mrusho usio halali, Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka mara saba, akisema anatupa mpira kama mtu anayerusha jiwe badala ya kuurusha kwa mkono ulionyooka. Dunia ikagawanyika. Kila mtu alikuwa ameona kwa macho yake. Kumbe Muralitharan alizaliwa na kiwiko kisichonyooka kikamilifu, na bega na kifundo chake cha mkono vinazunguka kuliko vya watu wa kawaida, hivyo ukimtazama kutoka mbali unaona mkono ukikunjuka hata pale usipokunjuka. Mwaka 2004 alivalishwa kifunga mkono chenye vyuma kinachozuia kiwiko kukunjuka, akarusha mbele ya kamera za televisheni, na bado jicho liliapa kwamba anatupa. Watu waliokuwa wamesimama hatua chache kutoka kwake, wakijua chuma kimo, waliona kitu ambacho hakikuwepo.

Wanasayansi walipowapima mabowla wengine kwa kamera nyingi za kasi na alama zilizobandikwa mkononi, ikaonekana kwamba hata wale waliosifiwa kwa mkono safi walikuwa wakikunjua kiwiko kidogo, baadhi kupita mipaka ya wakati huo: nyuzi 5 kwa wa spini, 7.5 kwa wa kasi ya kati, 10 kwa wa kasi. Kwa zaidi ya karne moja waamuzi walikuwa wamesimama hatua tatu kutoka kwa mkono ule na hawakuona. Mwaka 2005 Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, likaweka mpaka mmoja kwa wote, nyuzi 15, kwa hoja kwamba chini ya hapo ni vigumu kwa jicho la mtu kutambua.

Naomba msomaji akae na namba hiyo kidogo. Nyuzi 15 ni pembe ya mkono mfupi wa saa ukihama kutoka saa sita hadi saa sita na nusu. Ni pembe kubwa! Ikiwa jicho la mwamuzi wa kimataifa linashindwa na pembe kama hiyo kwenye kiwiko, basi kocha wetu wa Jumamosi anayesimama nyuma ya wavu akiwa na vijana wanane kwa wakati mmoja anaona nini kwenye nyonga, goti na mabega? Anaona matokeo. Anaona mpira umekwenda upande wa miguu ya mpigaji, anasema "nyoosha mkono", na mkono haukuwa na kosa lolote.

Simu inasaidia, kwa sharti. Bowla wa kijana akirusha kilomita 120 kwa saa, mpira wake unasafiri mita 33 kwa sekunde. Video ya kawaida inapiga picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya picha moja na inayofuata mpira umeshasogea zaidi ya mita moja, na kiganja kilichouachia kimepita. Utaona picha kabla ya tukio na picha baada ya tukio. Ndiyo maana video nyingi za vijana hazina faida. Lakini simu nyingi za siku hizi zina mwendo wa polepole wa picha 240 kwa sekunde, na hapo pengo linashuka hadi sentimita 14 hivi. Sasa unaona mshono wa mpira ukitoka vidoleni, umesimama wima au umelala. Ukichukua mpira wa rangi mbili, nusu nyekundu nusu nyeupe, mambo yanakuwa wazi zaidi: ukitoka sawasawa rangi zinabaki zimegawanyika kila moja upande wake, ukiyumba zinachanganyika. Kwa kazi hiyo mpira wa kawaida uliopakwa rangi upande mmoja unatosha.

Kile ambacho simu haiwezi ni kupima kiwiko. Picha ya upande mmoja haina kina, mkono unaozunguka utaonekana umekunja hata kama haujakunja, yaleyale ya Muralitharan. Mtu akikuletea video ya simu akidai kijana fulani anatupa, mrudishie simu yake.

Sasa migongo. Bowla wa kasi anapotua mguu wa mbele, uzito unaopanda mguuni ni zaidi ya mara tano ya uzito wake. Kuna kosa moja, mabowla wengi vijana wanalo na hawalijui: nyonga zinatazama upande mmoja wakati wa kutua, mabega yanatazama kwingine, halafu mabega yanasokotwa juu ya nyonga kabla ya kuachia mpira. Uti wa mgongo katikati unakuwa kama nguo inayokamuliwa. Ukirudia mara elfu, mfupa wa mgongo chini karibu na kiuno unapata ufa. Dennis Lillee wa Australia aliupata mwaka 1973, akiwa na miaka 23, na akakaa nje muda mrefu kabla ya kurudi. Huo msokoto hutokea haraka mno kwa jicho. Kwenye simu iliyowekwa nyuma ya bowla, usawa wa kiuno, unaonekana bayana, picha kwa picha.

Kifaa kingine ninachokitetea ni rahisi zaidi: cha kuhesabu. Kwa miaka mingi mwongozo wa Uingereza umewawekea mabowla wa kasi wa hadi miaka 13 mwisho wa ova 10 kwa siku, na wa chini ya miaka 15 ova 12. Njoo kwenye neti zetu. Kijana anarusha mpira mmoja kila dakika, saa mbili, ni mipira 120. Hizo ni ova 20, juu ya zege lililotandikwa mkeka, na hakuna aliyeziita ova kwa sababu hapakuwa na mechi. Kesho Jumapili kuna mechi, anarusha nyingine 8. Timu zenye uwezo zinamvalisha mchezaji vesti ya GPS yenye vitambuzi vinavyohesabu kila mrusho vyenyewe. Sisi tuna vijiwe. Waamuzi wa zamani walikuwa wakihamisha vijiwe sita kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine ili wasipoteze hesabu ya ova, na sioni kinachozuia kijana kuweka vijiwe 36 kwenye kopo na kuacha kurusha vikiisha.

Rada ndiyo siitetei. Ni kifaa kizuri kwa mtafiti, na kwa bowla mzima anayejitambua. Kwa kijana wa miaka 14 ni sumu. Nimewahi kuona rada ikiletwa mazoezini siku moja. Ndani ya nusu saa hakuna aliyekuwa akilenga vijiti vya wiketi, kila mmoja alikuwa akirusha kisha anageuka kusoma namba. Aliyesoma kilomita 104 kwa saa akataka 108, akaipata kwa kujisokota zaidi. Shoaib Akhtar wa Pakistan alifika kilomita 161.3 kwa saa mwaka 2003 na rekodi hiyo inajulikana hadi kwa wasiojua sheria za mchezo, wakati nyuzi 15 hazijulikani hata kwa nusu ya makocha. Rada inakupanga kwenye foleni na wenzako bila kukuonyesha ulichofanya. Mpira wenye chipu wa kampuni ya Kookaburra, uliotangazwa mwaka 2019, una heri kidogo kwa kuwa unatoa pia mizunguko ya spini, lakini kwa klabu inayogombania mipira mitatu kwa msimu huo ni mjadala wa watu wengine.

Nirudi kwenye lile tofali. Nilimwomba kijana alihamishe kutoka ubavuni alipokuwa ameliweka, alilaze nyuma ya mstari pale anaposimama mwamuzi, simu juu yake, asogee na kurusha mara moja tu. Tukaitazama pamoja, polepole. Mguu wa mbele unatua, na kichwa kinaanguka kushoto kama mtu anayechungulia dirisha, bega linafuata, mkono unavutwa nje ya njia. Mzee akainuka benchini na chai yake, akainama juu ya skrini. "Kichwa," akasema. "Tangu Januari namwambia kichwa." Kijana hakubisha. Alikuwa amekodoa macho, akirudisha video nyuma kwa kidole.

"Niwekee tena pale anapotua," mzee akasema, akivaa miwani.

Betri ilikuwa imebaki asilimia 4.