Kuibana prosesa si kutunza betri

Kuna ushauri usiozeeka kwa watumiaji wa Linux: ukitaka betri ya laptopu ikae, ifunge prosesa kwenye kasi yake ya chini kabisa. Siuafiki. Unawapotezea watu muda, na wakati mwingine hata hiyo betri yenyewe.

Hoja yake si ya kijinga. Prosesa ikiwa kazini, umeme inaokula hutegemea kasi pamoja na kipeo cha pili cha volti. Kasi ikishuka, volti nayo hushuka, na hapo unapata nafuu ya kweli. Lakini volti ina kikomo chake cha chini. Ukishakifikia, kupunguza kasi zaidi kunarefusha kazi tu, na muda wote huo skrini inawaka, RAM inakula, Wi-Fi inakula. Prosesa za siku hizi huokoa umeme mwingi zinapolala: zikikosa kazi, huzima sehemu zake moja baada ya nyingine. Ukiilazimisha iburute kazi ambayo ingeimaliza mara moja, umeinyima usingizi.

Linalovuruga wengi zaidi ni majina. Kwenye draiva ya zamani ya kuongoza kasi ya prosesa, acpi-cpufreq, gavana (kanuni ya kuchagua kasi) iitwayo powersave kweli huishikilia prosesa chini kabisa. Kwenye intel_pstate, draiva mpya ya prosesa za Intel iliyoingia katika kerneli (kiini cha Linux) 3.9 mwaka 2013, powersave hupandisha na kushusha kasi kulingana na kazi iliyopo. Kwa hiyo mtu anafuata maelekezo ya zama za kabla ya intel_pstate, anasifia betri yake, kumbe alichoweka ndicho kilichokuwepo tangu mwanzo! Kuanzia kizazi cha Skylake cha mwaka 2015, prosesa za Intel zinaweza kujichagulia kasi zenyewe. Wewe unazieleza tu unaegemea upande gani, wa kasi au wa kuokoa umeme, kupitia mpangilio uitwao energy_performance_preference. Nikichomoa chaja naweka balance_power, basi. Wenye AMD walisubiri hadi kerneli 5.17, mwaka 2022, kupata draiva yao, amd_pstate.

Ninachokizima bila kusita ni turbo, ile kasi ya ziada ambayo prosesa hujipandishia kupita kasi yake ya kawaida. Kule juu volti hupanda sana kwa kasi kidogo inayoongezeka. Kwenye Intel, andika 1 ndani ya /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo. Feni inatulia, na kwa kuandika au kusoma kurasa za kawaida hutahisi tofauti.

Ila wengi wetu tunatumia laptopu za mtumba, na hapo tatizo huenda lisiwe prosesa kabisa. Fungua /sys/class/power_supply/BAT0, ulinganishe energy_full na energy_full_design (kwenye baadhi ya mashine ni charge_full na charge_full_design). Kama ya kwanza ni nusu ya ya pili, hakuna gavana itakayokurudishia nusu iliyokufa. Weka akiba ya betri mpya.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa chaja, fungua programu ya powertop uone mashine inakula wati ngapi. Punguza mwangaza wa skrini, tazama namba inavyoshuka. Kisha cheza video: kama inachambuliwa na prosesa badala ya chipu ya picha, namba itaruka, na dawa yake iko kwenye mipangilio ya kivinjari.

Ukitaka kitu cha kukusimamia hayo yote, weka programu ya TLP au power-profiles-daemon. Usiweke vyote viwili, maana vinagombania mipangilio ileile.