Maelezo ya zana za AI: maneno yaende kwenye makosa ya kimya

Modeli ya lugha inayomwendesha wakala wa AI, yaani programu inayofanya kazi hatua kwa hatua kwa niaba ya mtumiaji, kwa kawaida haioni msimbo wa zana uliyoipa, yaani kipande cha programu inachoweza kukiita. Inaona jina, maelezo na orodha ya vigezo (thamani ambazo zana hujazwa), basi. Kwa hayo matatu inaamua iite zana ipi na iijaze nini. Wanaojenga mawakala wa kuuliza hifadhidata hubishana hapa: wengine wanataka kila kitu kiandikwe kwenye maelezo, wengine wanasema sentensi moja inatosha. Pande zote mbili zina hoja, ila zinapima urefu, na urefu sio tatizo.

Tazama zana iitwayo pata_mauzo, yenye maelezo haya: “Hurudisha data ya mauzo.” Vigezo vyake ni tarehe_mwanzo na tarehe_mwisho. Mtumiaji anauliza jumla ya mauzo ya Machi. Wakala anajaza 2025-03-01 na 2025-03-31, anapokea mistari, anajumlisha, anajibu bila kusita. Kumbe kiasi kimehifadhiwa kwa senti, kwa hiyo kila tarakimu imekuzwa mara 100. Tarehe ya mwisho haihesabiwi, kwa hiyo siku nzima ya tarehe 31 imeachwa. Zana hukata matokeo kwenye mstari wa 100. Oda zilizofutwa nazo zimo. Makosa manne, na hakuna hata moja lililoleta ujumbe wa hitilafu.

Hapo ndipo wanaotaka maelezo marefu wanaposhinda. Maelezo hayohayo yangeweza kusomeka hivi: “Hurudisha mauzo, mstari mmoja kwa kila oda. Kiasi ni kwa senti. tarehe_mwanzo huhesabiwa, tarehe_mwisho haihesabiwi: kwa Machi nzima weka 2025-03-01 na 2025-04-01. Saa ni za UTC (saa ya kimataifa). Oda zilizofutwa zimo. Zina hali ‘imefutwa’. Hurudisha mistari isiyozidi 100 kwa mara moja. Jibu likija na kuna_zaidi ikiwa kweli, ita tena kwa ukurasa unaofuata. Ukitaka jumla, tumia jumla_ya_mauzo, usitumie zana hii.” Kila sentensi imeziba tundu lake. Ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu modeli inayojumlisha mamia ya mistari kwa kuyasoma tu hukosea kwa urahisi. Hesabu iachiwe hifadhidata. Sentensi inayotaja mpaka kati ya zana mbili zinazofanana ndiyo inayosahaulika mara nyingi.

Upande wa pili nao hausemi ovyo. Kwa mpangilio wa kawaida, maelezo ya zana zote huenda pamoja na kila ombi. Zana 40 zenye tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma) 300 kila moja ni tokeni 12,000 kabla mtumiaji hajauliza neno, na hurudiwa kila hatua ya wakala. Kuhifadhi sehemu hiyo kwenye kache (hifadhi ya muda inayotumika tena) hupunguza gharama, lakini maandishi bado yamo kwenye muktadha, yaani yote ambayo modeli inayasoma kwa ombi hilo, na bado yanagombea umakini wa modeli. Kisha kuna uchakavu: msimbo ukibadilishwa urudishe mistari 500 na maelezo yakabaki na 100, wakala anadanganywa na maelezo aliyoyaamini.

Kipimo ninachokiona sahihi ni aina ya kosa. Jina la safuwima likikosewa, hifadhidata inakataa, wakala anasoma ujumbe na kujaribu tena. Kosa hilo linapiga kelele, halistahili tokeni zako. Andika ujumbe mzuri wa hitilafu, unaotaja majina yaliyopo, utoshe. Orodha ya safuwima 80 nayo iwe kwenye zana ya pembeni, tuseme eleza_jedwali. Lakini jedwali likiwa na tarehe_oda na tarehe_malipo, zote mbili zinakubalika na zinaleta majibu tofauti. Hilo ni kosa la kimya, liandikwe.

Baadhi ya mambo hayahitaji maelezo kabisa. Safuwima ikiitwa kiasi_senti badala ya kiasi, kipimo kinasafiri na data yenyewe na modeli inakiona wakati inapokihitaji. Orodha tupu nayo ni mtego: mauzo yakiulizwa kwa tawi la duka, je, hakukuwa na mauzo, au namba ya tawi iliyoandikwa haipo? Zana irudishe hitilafu kwa tawi lisilojulikana, na orodha tupu ibaki na maana moja.

Ubishi wa sentensi fulani uamuliwe kwa majaribio. Andika maswali 20 ambayo majibu yake unayajua, matano yakiwa ya mipaka: mwisho wa mwezi, saa za usiku wa manane, mistari zaidi ya 100. Yaendeshe mara kadhaa, maana modeli haijibu vilevile kila mara. Angalia kwanza zana iliyochaguliwa, halafu vigezo, halafu jibu. Ondoa sentensi moja, rudia. Isipobadilisha chochote, iache nje. Na maswali hayo yaendeshwe upya kila msimbo wa zana unapoguswa.