Anzeni na meshi, modeli itafuata

Fremuwaki ya kutengenezea magemu ninayoijenga ilizaliwa ya 2D, spraiti (picha bapa za gemu), maandishi, sauti, basi, na ikakaa hivyo muda mrefu tu. Sa hivi watu wanataka 3D na ombi lao ni moja, tupe fankisheni ya kupakia modeli, yaani umbo zima la 3D kutoka kwenye faili. Nawaelewa kabisa, mtu ana gari lake amelichonga vizuri kwenye Blender, programu ya kuchonga maumbo ya 3D, anataka alione kwenye gemu leo leo, lakini mimi nasema tusianzie hapo. Tuanze na meshi, tena meshi ambayo mtu anaweza kuijaza mwenyewe namba kwa namba, na modeli ije ijengwe juu yake.

Kwa sababu meshi ukiitazama vizuri ni orodha mbili tu. Ya kwanza ni ya vateksi, yaani nukta za kona, kila vateksi inasema iko wapi, uso wake umeelekea wapi, na kipande gani cha picha kinabandikwa pale, ya pili ni ya indeksi, inasema vateksi zipi tatu tatu zinaungana kuwa pembetatu. Mahali namba 3, mwelekeo namba 3, tekscha (ile picha inayobandikwa) namba 2, jumla 8, kila namba baiti 4, kwa hiyo vateksi moja ni baiti 32. Kadi ya grafiki haijui gari wala farasi, inajua pembetatu.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa boksi. Boksi lina kona 8, nikaweka vateksi 8, likachorwa vizuri, nikawasha taa na hapo ndo nikaona shida, kingo zote zimelainika kama sabuni iliyokaa kwenye maji. Nilitafuta kosa kwenye sheda, ile kodi ndogo inayoiambia kadi ya grafiki ipake vipi rangi na mwanga, jioni nzima na sheda haikuwa na kosa lolote. Kila kona ya boksi inakutanisha nyuso tatu, na kila uso unatazama upande wake, ila vateksi moja inabeba mwelekeo mmoja tu. Kwa hiyo boksi lenye kingo kali linataka vateksi 24, nne kwa kila uso, na indeksi 36. Hilo ningelijifunza vipi kama ningeanza na fankisheni inayomeza faili na kutema gari? Nisingejifunza, na siku gari likitoka limelainika vilevile nisingejua pa kushika.

Halafu kuna jambo linaloumiza hasa fremuwaki za 2D, na naona halisemwi vya kutosha. Kwenye 2D cha mwisho kuchorwa ndo kinakaa juu, sote tumezoea hivyo. 3D inataka bafa ya kina, yaani kila pikseli inakumbuka kitu kilicho karibu zaidi kiko umbali gani, cha nyuma yake kinakataliwa hata kikichorwa mwisho. Sasa ukichora modeli yako alafu ukasahau kuzima ukaguzi huo, menyu yako ya 2D inaanza kupotea vipande vipande nyuma ya vitu ambavyo inatakiwa ivifunike, na mtumiaji anaamini ni maandishi yake yana bagi. Mimi naona hii ni kazi ya fremuwaki, sio ya mtumiaji. Ukiingia kuchora 3D iwashe, ukitoka irudishe kila kitu kilivyokuwa, pamoja na ule mpangilio wa kuruka pembetatu zilizogeuza mgongo, maana spraiti iliyogeuzwa kama kwenye kioo nayo inahesabika imegeuza mgongo, inapotea.

Indeksi nazo, tafadhali, ruhusuni za biti 32. Za biti 16 zinafika vateksi 65,536 tu, modeli ikizidi hapo na kodi yako haikagui, namba zinazunguka kurudi mwanzo na unaona pembetatu ndefu nyembamba zimekatiza skrini nzima. Ukiziona hizo siku moja utajua pa kuangalia kwanza.

Baada ya hapo ndo tuzungumze modeli, na hapa najua nitapingwa. Mimi ningebeba fomati moja tu ya faili za modeli, glTF. OBJ, fomati nyingine, inavutia kwa sababu ni maandishi matupu unayoweza kuyasoma kwa macho, lakini haina mifupa (ya kuendesha viungo vya modeli) wala animesheni, indeksi zake zinaanza na 1, na mahali, tekscha na mwelekeo kila kimoja kina indeksi yake, kwa hiyo lazima uvishone upya kabla kadi haijavikubali. glTF 2.0 ya Khronos Group, iliyotoka 2017, data yake imepangwa karibu sawasawa na kadi inavyoitaka, vipimo ni mita, Y iko juu, hakuna kubahatisha. Blender yenyewe Z ndo iko juu ila ukitoa faili la glTF inakugeuzia.

Wapo waliochagua tofauti na wana sababu zao. raylib, laibrari ya kutengenezea magemu, inabeba OBJ, IQM, glTF na fomati nyingine, na kwa mtu anayejifunza ni raha kweli. LÖVE, fremuwaki ya magemu ya 2D, imekuwa na meshi tangu toleo la 0.9.0 la 2013, kupakia modeli ikawaachia watu waandike laibrari zao. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, maana kila loda, yaani kodi ya kupakia fomati fulani, unayoongeza utailisha miaka yote, na faili za ajabu ambazo hujawahi kuziona zitakufuata wewe.

Meshi nimeshaiunganisha kwenye tawi kuu la kodi ya fremuwaki. Modeli itakapoingia itakuwa orodha ya meshi, matirio zake (rangi na mng'ao wa nyuso) na mahali pa kila moja, na kila meshi utaweza kuichomoa, ubadilishe vateksi zake, uichore peke yake. Animesheni ya mifupa bado sijaigusa, sitaigusa mpaka boksi na gari vichorwe sawasawa kwenye fremu moja na menyu ikae juu yake bila kupungua hata herufi.