Namba ya Trela Siyo Urefu Wake

Ijumaa iliyopita, saa nne usiku, nilikuwa nimesimama kwenye kambi ya hifadhi moja kaskazini mwa Minnesota, tochi mkononi, namwangalia mlinzi akinyoosha tepu ubavuni mwa trela letu, kile chumba cha kulala kinachokokotwa na gari. Alianzia kwenye bampa ya nyuma, akafika pale ukuta wa mbele unapoishia, na hakusimama. Akaendelea, akapita betri, akapita mitungi ya gesi, mpaka kwenye kile kikombe cha chuma kinachovalia tufe nyuma ya gari. "Futi ishirini na mbili na inchi nne," akasema. Nafasi tuliyoilipia ilikuwa ya futi 20. Namba iliyobandikwa ubavuni mwa trela inaanza na 18.

Mlinzi hakuwa na kosa. Shingo ya trela, yaani kile chuma cha mbele kinachoungwa na gari, ilikuwa imetokeza barabarani na gari halikuwa na pa kukaa. Kambi imejaa, hakuna nafasi nyingine. Mwanangu wa miaka sita, ambaye alikuwa ameshavaa pajama zake, akauliza, "Baba, si tumeshafika?" Nikamfunga mkanda, tukageuza, saa mbili na nusu za barabara kurudi nyumbani. Mke wangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo liliniuma kuliko angenilaumu.

Tangu siku hiyo sijaacha kulifikiria jambo hili, na nataka kulisema wazi kwa Waswahili wenzangu wa huku, maana naona kila mwaka tunazidi kununua haya matrela: watoto wanakua, hoteli ghali, na kiangazi chetu kifupi. Ile namba kwenye jina la trela siyo urefu wa trela. Mara nyingi ni urefu wa chumba, yaani boksi lenyewe, kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Shingo haimo, bampa haimo, tairi ya spea iliyoning'inizwa nyuma haimo. Ongeza futi tatu, nne, mara nyingine zaidi. Na hata hiyo siyo kanuni, kwa sababu hakuna kanuni. Kiwanda hiki kinahesabu boksi, kile kinahesabu sakafu, kingine kimeipa trela namba miaka mingi iliyopita, trela likabadilishwa likarefuka, namba ikabaki ileile. Zikiwa tarakimu nne, mbili za mwanzo huenda zinagusia urefu na mbili za mwisho ni za mpangilio wa ndani tu.

Herufi zinazofuata angalau kwa kawaida zinasema kweli. BH ni vitanda vya ghorofa vya watoto, RB bafu liko nyuma, RK jiko liko nyuma, FB kitanda kiko mbele. Hapo sina ugomvi.

Nimekulia Njombe, baba yangu alilima viazi. Anayetoka kule akisikia neno lumbesa hahitaji maelezo. Gunia linaitwa la kilo mia, lakini juu yake pameshonewa kipande cha neti na kujazwa mpaka gunia linavaa kilemba. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Nilikuwa nashika mdomo wa gunia baba akishona kwa ile sindano ndefu, na namkumbuka akisema taratibu, bila kuniangalia, "Hapa juu ni debe nzima, na hakuna atakayelilipa." Sheria ya Vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100, na inakataza kwa sababu hii hii: jina la kipimo likishaachana na kipimo chenyewe, anayeumia ni yule asiye na mizani. Trela langu lina kilemba cha futi nne. Tofauti ni kwamba huku mnunuzi ndiye anayeubeba mzigo usioandikwa.

Wapo watakaosema urefu kamili umeandikwa kwenye jedwali la kiwanda, kwa nini hukusoma. Ni kweli, umeandikwa. Nakubali pia kwamba urefu wa boksi ndio unaoishi ndani yake, na anayetaka kujua kama kitanda na meza vitaenea anauhitaji. Lakini trela la mkono wa pili halina jedwali. Lina jina ubavuni kwa herufi kubwa, na muuzaji anayesema "hili ni la kumi na nane". Kibandiko cha kiwanda kinaeleza uzito wa juu unaoruhusiwa, saizi ya tairi, upepo wa kujaza. Urefu haumo. Mtu akikaa chini kuandika kibandiko hicho, anashindwa nini kuongeza mstari mmoja?

Maana urefu siyo jambo la kujisifia. Ndio unaoamua wapi unaingia. Kwenye Hifadhi ya Yosemite, kambi ya Upper Pines inapokea trela lisilozidi futi 24. Mwenye namba 23 anaweza kujikuta na futi 27 mlangoni, baada ya kusafiri siku tatu. Kule Hifadhi ya Glacier, Montana, ile barabara ya mlimani ya Going-to-the-Sun ina sehemu isiyoruhusu chombo kinachozidi futi 21, bampa zikiwemo, na gari na trela vikihesabiwa pamoja. Feri za jimbo la Washington zinatoza kwa urefu, na shingo inalipiwa kama sehemu nyingine yoyote. Yadi za kuhifadhi trela wakati wa baridi ni vivyo hivyo. Karibu kila mahali tunapokwenda nalo trela linapimwa lote, isipokuwa mahali linapopewa jina.

Wala haishindikani. Hapa hapa Minnesota, mji mdogo wa Backus, wanatengeneza matrela ya faiba yaitwayo Scamp. Ile ya futi 13 ni futi 13 pamoja na shingo. Nyumba yenyewe ni kama futi 10. Wangeweza kuipa jina lolote, wakachagua kipimo ambacho mtu akienda nacho kambini hakitamwaibisha. Airstream, watengeneza matrela wa Ohio, nao, namba yao kwa kawaida inakaribia urefu wote wa nje. Hao ndio watu ambao mwaka 1959 trela zao 41 zilitoka Cape Town kuelekea Cairo, zikipita Kenya na Ethiopia kwenye barabara za enzi zile. Anayekokota kitu kwenye matope ya namna hiyo anajua kwamba daraja halijali chumba chako kina urefu gani.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, nenda na tepu. Pima kuanzia kwenye kikombe cha mbele kabisa hadi kitu cha mwisho nyuma, hata kama ni ngazi au rafu ya baiskeli. Muuzaji akikwambia hakuna haja, pima mbele yake. Kisha pima na nyumbani.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda na Baba Neema kuangalia trela alilokuwa amelitamani wiki nzima. Namba 21, safi, vitanda vya watoto viwili, bei nzuri. Yeye akashika kichwa cha tepu kwenye bampa, mimi nikaivuta mpaka mbele. Futi 25 na inchi moja. Akanyamaza. Tukaenda kwake, tukapima kutoka mlango wa gereji hadi pale njia ya waenda kwa miguu inapoanzia, ambapo manispaa hairuhusu kitu kutokeza. Futi 24. Mama Neema akatoka na chai, akatukuta bado tumechuchumaa, tepu imenyooka katikati yetu.