104 au 238: wajawazito wangapi wanafariki Tanzania?

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vitokanavyo na uzazi Tanzania vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitunukiwa tuzo ya Goalkeepers ya Gates Foundation, na mteremko huo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Lakini mashirika ya Umoja wa Mataifa nayo yalishatoa makadirio yao, na kwa mwaka 2020 yaliipa Tanzania 238.

Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Tofauti ya 134 kwa kila vizazi 100,000 maana yake ni kina mama zaidi ya 2,600 ambao hesabu moja inawaona wamefariki na nyingine inawaona wako hai. Anayeipenda serikali anashika 104, anayeikosoa anashika 238, na wote wawili huishia hapo bila kuuliza namba zenyewe zilipatikanaje.

Ile ya kwanza, 104, ilitoka majumbani. Mdadisi anakaa na mwanamke mwenye umri kati ya miaka 15 na 49, anamwomba ataje ndugu zake wote waliozaliwa na mama mmoja, kuanzia kifungua mimba. Huyu yuko hai? Ana miaka mingapi? Kama amefariki, ni miaka mingapi iliyopita, na alikuwa na umri gani? Akifika kwa dada aliyefariki akiwa mtu mzima, maswali yanaongezeka: alikuwa mjamzito? Alifariki wakati wa kujifungua? Au alishajifungua, akafariki siku chache baadaye? Mwaka 2022 wanawake 15,254 walihojiwa, kila mmoja akiwasemea dada zake.

Njia hii naiheshimu sana. Inamfikia aliyefia nyumbani, na aliyefia kwenye bodaboda akikimbizwa zahanati, ambao majina yao hayamo kwenye daftari lolote la wodi ya wazazi. Hata hivyo ina udhaifu wake. Binti aliyefariki kwa kutoa mimba kwa siri, dada yake atasema aliumwa tumbo, na huenda hilo ndilo alilojua. Isitoshe, ukiwahoji wanawake elfu kumi na tano bado vifo vya aina hii utakavyovikuta ni vichache, na hesabu inayosimama juu ya vifo vichache huyumba. Utafiti wa 2004/05 ulisema 578, wa 2010 ukasema 454, wa 2015/16 ukasema 556. Wengi walisoma kwamba hali ilikuwa imeharibika tena. Ukitazama mipaka ya uhakika, yaani masafa ambamo namba ya kweli inaelekea kuwamo, iliyochapishwa pamoja na namba hizo, ya 2010 ilikuwa kati ya 353 na 556, na ya 2015/16 kati ya 446 na 666. Mipaka hiyo inaingiliana kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuapa kuwa vifo vilipanda. Halafu 104 si ya mwaka 2022 peke yake. Maswali yanarudi nyuma miaka kadhaa, na namba inayopatikana ni wastani wa kipindi hicho chote.

238 ilitoka kwenye modeli ya kompyuta. Modeli hiyo hukusanya tafiti na sensa za nchi (sensa ya 2012, kwa mfano, ilitoa 432), kisha inaziunganisha na mambo matatu: pato la nchi kwa kila mtu, kiwango cha uzazi, na asilimia ya wanaojifungua wakihudumiwa na mtaalamu. Data zinaporuka ghafla, modeli inazivuta zirudi kwenye mwelekeo ambao nchi nyingi zimewahi kuupita. Watetezi wake wana hoja nzito. Kushuka kutoka 556 hadi 104 kati ya tafiti mbili zilizopishana takriban miaka saba ni jambo la nadra mno, na mtakwimu yeyote makini lazima asite kabla ya kulikubali lote. Modeli pia inaziwezesha nchi kulinganishwa kwa kipimo kimoja, hata zile ambazo hazina fedha za kufanya utafiti.

Mashaka yangu yako kwingine. Wanaojifungua wakihudumiwa na mtaalamu Tanzania walipanda kutoka asilimia 64 mwaka 2015/16 hadi 85 mwaka 2022. Hayo ni mafanikio ya kweli, na nyuma yake kuna wakunga wanaokesha. Ila modeli imeshaambiwa tangu mwanzo kwamba huduma ikipanda vifo hushuka. Mtu akiichukua namba yake kuthibitisha kwamba vituo vya afya vimeokoa maisha, atakuwa anasoma dhana iliyowekwa ndani na waliotengeneza modeli. Kama mama anafika kituoni akakuta hakuna damu wala wa kumfanyia upasuaji usiku, asilimia 85 haimsaidii, na modeli haimwoni.

Modeli zenyewe pia hazikubaliani. Kwa malaria, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria vifo 655,000 duniani mwaka 2010. Mwaka 2012 watafiti wa IHME, taasisi ya takwimu za afya iliyoko Seattle, Marekani, walichapisha makadirio yao ya mwaka huohuo wa 2010: zaidi ya milioni 1.2. Sehemu kubwa ya tofauti ilikuwa vifo vya watu wazima, mahali ambapo pande zote mbili zilikuwa na ushahidi mdogo wa moja kwa moja. Kompyuta haikuwa na kosa. Ilipopungukiwa ushahidi ilijaza kwa dhana, na kila upande ulikuwa na dhana zake.

Kifua kikuu kinanipa matumaini zaidi, kwa sababu huko swali la mdomoni lilitafutiwa shahidi wa pili. Katika utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2015/16, watu zaidi ya 63,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea waliulizwa dalili na kupigwa eksirei ya kifua. Aliyekuwa na kikohozi cha muda mrefu, au picha yenye doa, alitoa makohozi yakapimwe maabara. Matokeo yalikuwa wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000, na wengi wao wasingepatikana kwa swali la kikohozi peke yake. Walikuwa wakiendelea na kazi zao wakijiona wazima.

Picha nayo ina mipaka. Mchimbaji wa tanzanite wa Mererani aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka mingi anaweza kuwa na kivuli kinachofanana na TB, na aliyepona zamani hubaki na kovu. Tangu 2021 WHO imeruhusu programu za kompyuta kusoma eksirei za kifua kutafuta TB, lakini kwa wenye miaka 15 na zaidi, na kiwango cha alama za programu kinachomtenganisha mshukiwa na mwingine inabidi kipangwe kulingana na watu wa mahali husika. Picha huonyesha nani achunguzwe zaidi, na makohozi ndiyo yanayoamua.

Kwenye vifo vya wajawazito, kipimo cha kuamua kama hicho ndicho tunachokikosa, na hata mashahidi tulionao wamepunguzwa nguvu. DHS, programu ya kimataifa ya tafiti za afya za majumbani, iliyogharamiwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, tangu 1984 na kusaidia tafiti za aina hii katika nchi zaidi ya 90, ilisimamishwa Februari 2025 Marekani ilipokata misaada. Wafadhili wengine wamejitokeza kuziba sehemu ya pengo. Modeli haitasimama. Itaendelea kutoa namba kila toleo, hata pasipo mwanamke yeyote aliyeulizwa, na kwenye jedwali namba hiyo itafanana kabisa na zile zilizopatikana kwa kubisha hodi.

Ndiyo maana nasema fedha ya kwanza ya serikali zetu iende kwa wadadisi na kwenye daftari la vifo la kijiji. Mtendaji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wanajua msiba siku hiyohiyo unapotokea. Swali la kama marehemu alikuwa mjamzito, au alijifungua karibuni, liulizwe wakati huo, liandikwe, na majibu yafike wilayani kila mwezi. Tukiwa na miaka mitano ya kumbukumbu hizo, hata za mikoa michache, tutaona ni ipi kati ya 104 na 238 iliyokuwa karibu zaidi na ukweli.