Chembe nano za dhahabu: nani kweli ameushika usukani wa umbo?

Dhahabu ikiwa katika matufe ya nanometa 20 hivi (nanometa ni sehemu ya bilioni ya mita), maji yanayoyabeba huwa mekundu, kwa kuwa elektroni zake huru humeza mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa karibu nanometa 520. Irefushe chembe iwe kijiti, na umezaji unahamia kwenye infraredi, mwanga unaopenya nyama ya mwili vizuri zaidi. Kwa hiyo anayebishania namna ya kutengeneza chembe hizi anabishania kazi zitakazofanya.

Wanaotetea njia nyepesi, ya sitreti (chumvi ya asidi ya limau), wana hoja nzito. Mwaka 1951 mwanakemia Turkevich na wenzake waliigeuza chumvi ya dhahabu kuwa chembe kwa kuichemsha na sitreti ya sodiamu. Mwaka 1973 Frens akaonyesha kuwa kubadili uwiano wa sitreti na dhahabu kunatosha kupata chembe za nanometa 16 hadi 147. Sitreti ikiwa nyingi, viini vingi, yaani chembe changa zinazoanza kukua, hugawana dhahabu iliyopo na kila kimoja hubaki kidogo. (Hayo ni maelezo ya msingi tu, sitreti hubadili pia uasidi wa myeyusho, na uasidi hubadili kasi ya mmenyuko mzima.) Tena sitreti haing'ang'anii chembe, hivyo ni rahisi kuibadilisha kwa kingamwili. Udhaifu wake ni kwamba chembe zikiwa kubwa hupoteza mviringo na kutofautiana, na vijiti vya kutegemewa havipatikani.

Vijiti vinataka mbegu, yaani viini vilivyotengenezwa mapema. Katika njia iliyokuzwa na kundi la Murphy mwaka 2001, kisha na Nikoobakht na El-Sayed mwaka 2003, viini hutengenezwa kwanza kwa borohaidraidi, kemikali kali ya kuigeuza chumvi ya dhahabu kuwa metali. Halafu hutiwa kwenye myeyusho wenye chumvi ya dhahabu na vitamini C, ambayo ni dhaifu mno kuzaa viini vipya kwa urahisi. Kuzaliwa kunatenganishwa na kukua, na hapo ndipo udhibiti unapopatikana. Sabuni iitwayo CTAB pamoja na ioni za fedha huzuia baadhi ya nyuso za fuwele zisikue haraka, chembe ikarefuka upande mmoja.

Wapinzani wa njia hii hutaja mambo mawili. CTAB ni sumu kwa seli, na ukiiosha kupita kiasi vijiti hugandana. La pili linauma zaidi: CTAB ya wauzaji fulani ilikuwa haitoi vijiti, ingawa maelekezo yalifuatwa yaleyale. Mwaka 2009 kundi la Korgel, huko Texas, lilionyesha kuwa mkosaji alikuwa iodaidi, iliyojificha humo kama uchafu kidogo sana.

Wapo wanaoona hapo ushahidi kwamba njia ya mbegu ni ya kubahatisha. Mimi nasoma kinyume. Uchafu ulipojulikana, uligeuka nyenzo: sasa iodaidi huongezwa kwa makusudi, kwa kipimo, na badala ya vijiti hupatikana bapa za pembetatu. Njia inayoweza kuonyesha kosa lake liko wapi inastahili kuaminiwa.

Kwa kipimo hichohicho, sishawishiki na madai mengi kuhusu maji ya majani ya mimea, yanayotumiwa badala ya kemikali hizo kutengeneza chembe. Nia ya kuepuka kemikali kali naiheshimu. Lakini maji hayo yana michanganyiko mingi inayobadilika kwa msimu na udongo, na matokeo yakiharibika ni vigumu kujua kilichoharibu. Pale ambapo mtawanyiko wa ukubwa hauna madhara, yatumike.

Kwa vipimo vya haraka vya ukanda wa karatasi, matufe ya sitreti yanatosha, na kumwingiza mtu kwenye CTAB ni kumtwisha mzigo bure. Kwa kupasha joto uvimbe kwa infraredi, vijiti vinastahili taabu yake, mradi CTAB ibadilishwe kwa polima isiyodhuru seli. Na katika njia zote mbili, ripoti isiyotaja asili na usafi wa kemikali, ikaweka picha moja nzuri ya hadubini bila mgawanyo wa ukubwa wa chembe, mimi siihesabu kuwa imethibitisha udhibiti wowote.